Mizani Iko Mkononi mwa Nani?

(Haya ni maneno niliyoyasema Micheweni, Pemba, mbele ya akina mama wa mwani, vijana wa chuo na wazee wa shehia. Nimeyapanga kidogo, maana ulimi hukimbia kuliko kalamu, lakini sikuyabadilisha.)

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana Sheha, wazee wangu, mama zangu mliotoka pwani moja kwa moja na chumvi bado imekukaukieni miguuni, wanangu wa chuo: itifaki imezingatiwa. Nikianza kutaja mmoja mmoja maji yatajaa, na wengine watakwenda zao kabla sijafika kwenye neno.

Niliandikiwa barua nije nizungumze juu ya "athari za makampuni ya kimataifa katika nchi zinazoendelea". Nilipoisoma nikacheka. Nikamwambia mke wangu, mada hii ni ya watu wa New York, Micheweni inatafuta nini humu? Akanijibu huku anachambua mchele, hata uso hakuunyanyua: "Si wewe uliyekuwa ukipima mwani?" Nikanyamaza. Basi nitaanzia hapohapo, kwenye mizani.

Wengi wenu mnanijua kama mwalimu wa hesabu za biashara. Wachache, wale wenye mvi kama zangu, mnakumbuka kwamba kabla ya ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilikuwa karani wa ghala la mwani. La nani, sitasema. Nilikuwa nakaa kwenye kibao, mizani ya kuning'iniza mbele yangu, daftari gotini. Mama anakuja na polo lake kichwani, naliangika, nasoma: kilo arobaini na mbili. Kisha nakata. Kilo mbili za maji, kilo moja ya mchanga. Nani aliyeyapima hayo maji? Hakuna. Nani aliyeuona huo mchanga? Hakuna. Niliambiwa nikate, nikakata. Hata mwani uliokauka mpaka chumvi inameremeta juu yake, nikakata. Mama amesimama upande wa pili, namba haioni, kwa kuwa mizani imenigeukia mimi. Anapokea fedha zake, anafunga kwenye ncha ya kanga, anakwenda zake.

Siku moja mama mmoja mtu mzima, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hiyo mizani haina uso wa upande huu?"

Sikuwa na jawabu. Kila nilichosoma tangu siku ile juu ya makampuni haya makubwa, nimekisoma kwa jicho la swali lile. Na nitakwambieni mapema nilipofika, ili asiyetaka kungoja aende akaanue: ubaya wa kampuni kubwa hauko katika ukubwa wake, wala katika ugeni wake. Uko hapo tu, kwamba mizani inamtazama yeye peke yake. Yeye ndiye muuzaji, yeye mnunuzi, yeye mpimaji, na ukitaka kushitaki, hakimu naye yeye ndiye aliyemchagua.

Hebu tuufuate huu mwani wetu unakokwenda. Ulianza kulimwa kibiashara mwaka 1989, Paje na Jambiani kule Unguja, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameshaandika habari za mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970. Haukukawia kufika Pemba, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar unatoka huku kwetu, na wanaoulima wengi wao ni wanawake. Ukishakauka unapakiwa melini, unakwenda ng'ambo, unachemshwa na kutolewa unga unaoitwa karajinani. Unga huo ndio unaoishika dawa ya meno isimwagike kama maji, ndio unaoifanya aiskrimu iwe laini, na maziwa ya chokoleti yasitengane. Kila asubuhi yuko mtu Ulaya anayesukutua kinywa kwa jasho la Micheweni, na wala hajui.

Sasa tazameni mkulima anavyofungwa. Mkulima anapewa kamba, anapewa taitai za kufungia mbegu, pengine na chombo cha kubebea. Halipi kitu siku hiyo. Lakini ameshalipa, kwa sababu aliyempa kamba ndiye atakayemuuzia. Wiki sita mama yuko ndani ya maji, bamvua kwa bamvua, anafunga, anapalilia, anachuma. Kilo saba mpaka kumi za mwani mbichi ndizo zinazompa kilo moja mkavu. Anapofika ghalani anaambiwa bei. Karani hakuipanga, nawaapieni, nilikuwa sina ubavu huo. Imetoka mjini. Na mjini wameipata kwa simu kutoka nje. Na aliye nje ametazama Ufilipino na Indonesia wamevuna kiasi gani mwaka huu. Kwa hivyo mwanamke wa hapa anashindana na mwanamke wa Indonesia ambaye hajapata kumwona, na kila mmoja anaambiwa, mwenzako anauza rahisi.

Mnajua pia habari ya mwani mnene. Ule ndio wenye bei, na ndio unaotufia, kwa kuwa bahari imepata joto. Tumebaki na mwembamba, ambao bei yake ndogo. Hilo joto halikutoka kwenye majiko yetu ya kuni. Na aliyelileta, hakuna aliyemkata hata kilo moja kwenye mizani yake.

Watu wa sheria wanasema kampuni ni mtu. Ina jina, inamiliki mali, inashitaki na kushitakiwa. Mimi nasema sawa, lakini ni mtu wa ajabu. Hazeeki. Hazikwi. Ana kwao pengi. Na siku ya kudaiwa anakwambia, huyo mnayemtaka si mimi, huyo ni mwanangu, amekua, ana nyumba yake. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Disemba 1984, katika mji wa Bhopal, India, gesi ya sumu ilitoka katika kiwanda cha dawa za kuua wadudu, ikapita vibandani watu wamelala. Maelfu walikufa. Kiwanda kilikuwa cha kampuni tanzu ya Union Carbide ya Marekani. Mwaka 1989 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 470, na shauri likafungwa kwa hesabu hiyo. Warren Anderson, aliyekuwa mkuu wake, alitakiwa na mahakama za India akajibu. Alikufa mwaka 2014 nchini kwake, hajakanyaga kizimbani. Mwaka 2001 Union Carbide ikanunuliwa na Dow Chemical, na Dow ikasema, deni hilo halituhusu, sisi tumenunua juzi.

Mtu wa Pemba akinunua shamba la mikarafuu lenye mgogoro, anarithi na mgogoro. Sijui wenzetu hii elimu ya kununua mti bila kivuli chake wameipata wapi.

Na sisi watu wa pwani hii tusijifanye hadithi hizi tunazisikia leo. Sisi tumetawaliwa na kampuni kabla ya kutawaliwa na dola. Wanangu, mmefundishwa skuli kwamba walikuja Wajerumani, walikuja Waingereza. Kweli, lakini waliotangulia walikuja na nini? Walikuja na hati za kampuni. Mwaka 1884 Mjerumani mmoja, Karl Peters, alipita bara, Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akawatia machifu saini kwenye karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Mwaka uliofuata kampuni yake ikapewa hati ya ulinzi na mfalme wao. Sultani wetu, Seyyid Barghash, alipolalamika, mwezi Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, hapo Unguja. Mkataba wa kibiashara, na mizinga nyuma yake!

Mwaka 1888 kampuni hiyo ikakodishwa pwani ya bara, ikusanye ushuru. Watu wake walipoanza kupandisha bendera na kuamrisha watu, Pangani ikawaka, na Abushiri bin Salim akasimama. Kampuni ikashindwa. Je, ilifilisika ikaenda zake, kama duka lolote linavyofilisika? Hapana. Serikali ya Ujerumani ikaleta jeshi. Abushiri akanyongwa Pangani Disemba 1889. Faida ilikuwa ya kampuni, na hasara ikabebwa na dola, na damu ikawa yetu.

Upande wa Waingereza kisa ni kitamu zaidi, na hiki naomba mkishike. Wao nao walikuwa na kampuni yao, iliyokodi pwani ya Mombasa kwa Sultani. Kufika mwaka 1895 imechoka, haina faida, inataka kutoka. Ikalipwa pauni 250,000 iondoke. Serikali ya Uingereza ilitoa pauni 50,000. Zile 200,000 zilizobaki zilitoka wapi? Zilitoka kwenye fungu la Zanzibar: ndizo zilezile Mjerumani alizomlipa Sultani kwa kuchukua pwani ya Tanganyika. Yaani tulinyang'anywa pwani ya kusini, tukalipwa, na malipo yale yakatumika kumfariji mwekezaji aliyeshindwa kupata faida kwenye pwani yetu ya kaskazini. Mimi nimesomesha hesabu miaka ishirini na sita. Mlinganyo kama huo sijapata kuuweka ubaoni.

Nikutoeni kidogo pwani, twende Guatemala, nchi ndogo ya Amerika ya Kati. Huko kulikuwa na kampuni ya ndizi, United Fruit, ya Marekani. Ilikuwa na ardhi kubwa kuliko mtu yeyote nchini, na reli, na bandari. Sehemu kubwa ya ardhi ile haikulimwa, imewekwa tu. Mwaka 1952 serikali ya Jacobo Árbenz ikatunga sheria: ardhi iliyolala tunaichukua, tunawapa wakulima wasio na shamba, na mwenyewe tunamlipa fidia. Kiasi gani? Kile alichokiandika mwenyewe kwenye fomu zake za kodi.

Mnacheka, mmeshafahamu. Kampuni miaka yote ilikuwa ikiandika kwamba ardhi yake ni ya thamani ndogo, ili ilipe kodi ndogo. Kwa hesabu yake mwenyewe fidia ikaja kama dola 600,000. Ikapiga kelele, ikasaidiwa na serikali ya Marekani kudai karibu dola milioni 16. Mizani ileile, nyuso mbili: uso wa kulipa kodi na uso wa kulipwa fidia. Na waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati ule, John Foster Dulles, alitoka katika ofisi ya mawakili iliyowahi kuitumikia kampuni hiyo. Mwezi Juni 1954 Árbenz akaangushwa kwa mapinduzi yaliyopangwa na shirika la ujasusi la Marekani. Guatemala ikaingia katika miaka ya vita na mauaji. Ndizi ziliendelea kusafirishwa.

Ya Chile nitaipita mbio. Rais wake, Salvador Allende, alisimama Umoja wa Mataifa tarehe 4 Disemba 1972 akayataja makampuni kwa majina, mojawapo ITT, kampuni ya simu, ambayo ilikuwa tayari kutoa mpaka dola milioni moja ili asishike madaraka. Mwezi Septemba 1973 akapinduliwa, akafa katika ikulu yake. Dunia ikashituka kidogo. Mwaka 1974 Umoja wa Mataifa ukaunda tume ya kuyaangalia makampuni haya na kuyaandikia kanuni za mwenendo. Wakajadili. Wakajadili. Mwaka 1992 wakaziacha zile kanuni bila kuzipitisha. Mtoto aliyezaliwa siku tume ilipoundwa alikuwa ameshafika umri wa kuoa.

Lakini nisiwe mtu wa kilio tu. Yapo mambo ambayo watu walipiga kelele yakasogea. Mama zangu, mnakumbuka maziwa ya kopo, yale yaliyoletwa na picha ya mtoto mnene? Katika miaka ya 1970 watu waligundua kwamba makampuni yanawatia mama maskini katika kopo, mama ananyamazisha ziwa lake, kisha hana fedha ya kopo la pili wala maji safi ya kukorogea, na mtoto anapata kuharisha. Nestlé, mojawapo ya makampuni hayo, ikasusiwa kuanzia 1977. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kuuza maziwa hayo: nchi 118 zilikubali, na moja ikakataa. Nchi hiyo moja ni Marekani. Kopo halikutoweka, lakini leo hospitali zetu zinakwambia ziwa la mama kwanza, na yule mtoto mnene wa kwenye picha amepungua.

Sasa hapa nataka mkae vizuri, kwa sababu ndipo fedha zinapopitia na ndipo watu wengi wanapolala. Nichukulieni mimi kama ndiye kampuni. Huu ni mfano wa ubaoni, simtaji mtu. Ninayo kampuni hapa Wete, inanunua mwani. Ninayo ya pili katika kisiwa fulani mbali huko kisichotoza kodi. Haina mfanyakazi, ina sanduku la posta. Ninayo ya tatu Ulaya, inauza unga. Zote tatu ni mimi. Wete nanunua kilo kwa shilingi 700, ghala na usafiri shilingi 300, jumla 1,000. Naiuzia kampuni yangu ya kisiwani kwa 1,010. Faida yangu Wete ni shilingi kumi, nakuja ofisi ya kodi na uso wa huzuni. Kampuni ya kisiwani inaiuzia ya Ulaya kwa 2,500. Faida shilingi 1,490, kodi hakuna. Ulaya nako nasema, mali ghafi imekuwa ghali, nihurumieni. Na mwani wenyewe? Haukupita kisiwani. Meli ilikwenda moja kwa moja. Kilichopita kule ni karatasi.

Bado sijamaliza. Hata zile shilingi kumi naziona nyingi. Basi ile ya kisiwani naifanya iikopeshe ya Wete fedha, kwa riba. Tena naitoza ada ya kutumia jina. Mwisho wa mwaka Wete ina hasara, na serikali inanipa msamaha wa kodi ili nisiondoke.

Hili si soga la barazani. Jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki, Rais mstaafu wa Afrika Kusini, lilitoa ripoti mwaka 2015 kwamba Afrika inapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotoroshwa, na sehemu kubwa yake inatoka katika biashara kama hii ya mtu kujiuzia mwenyewe, wala si katika mifuko ya viongozi peke yake kama tunavyopenda kusema.

Hata utalii wetu una mlango wake. Mgeni amelipa kila kitu kwao kabla ya kupanda ndege: chumba, chakula, mpaka safari ya kwenda kutazama pomboo. Anafika na mkanda mkononi, anakula anapolala. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Huyu amekuja amekwishapona, na fedha yake haikuwahi kuvuka bahari.

Na mkizozana je? Mwaka 2017 Bunge la Muungano lilibadilisha sheria ya madini, leseni za kushikilia maeneo bila kuchimba zikafutwa. Kampuni ya Australia, Indiana Resources, na wenzake walikuwa na leseni ya namna hiyo katika kilima cha nikeli cha Ntaka, Nachingwea. Hawakwenda mahakama ya Lindi. Walikwenda katika baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, Washington. Mwezi Julai 2023 Tanzania ikaamriwa kulipa dola milioni 109, na mwaka uliofuata wakapatana kwa dola milioni 90. Nikeli yenyewe ingali chini ya kilima, haikuchimbwa. Tumelipia kitu ambacho hakijatoka ardhini.

Kuna siku tunanusurika. City Water, kampuni iliyoongozwa na Waingereza wa Biwater, ilipewa maji ya Dar es Salaam mwaka 2003 kwa kuwa wakopeshaji walitaka maji yabinafsishwe. Mwaka 2005 serikali ikawatoa. Wakashitaki hukohuko Washington, na mwaka 2008 wasuluhishi wakasema Tanzania ilikosea namna ya kuwatoa, lakini haidaiwi hata senti, maana biashara yenyewe ilikuwa imeshaanguka. Tukashangilia. Lakini mawakili wa Washington hawalipwi kwa shangwe.

Sasa niseme lile ambalo baadhi yenu hamtalipenda, na Bwana Sheha anisamehe. Kikulacho ki nguoni mwako. Mkataba haujitii saini. Mnaikumbuka rada? Serikali yetu ilinunua rada kwa kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa pauni milioni 28. Ikaja kujulikana kuna fedha zilipita mlango wa nyuma. Mwaka 2010 BAE ikakiri mbele ya mahakama ya Uingereza kwamba haikuweka hesabu zake sawasawa, na ikakubali kutoa pauni milioni 29 na nusu kwa ajili ya wananchi wa Tanzania. Sisi tukaziita "chenji ya rada", zikanunua vitabu vya skuli. Chenji! Lugha yetu ina huruma sana. Mtu kaibiwa kuku, karudishiwa mayai, anasema nimepata chenji.

Na karafuu? Hapo hapakuwa na mzungu. Serikali yetu wenyewe ilijifanya mnunuzi pekee, na kwa miaka mingi mkulima wa Pemba alipewa sehemu ndogo ya bei ya dunia. Mwenye kuuza kwingine akaitwa mfanyamagendo, na vyombo vikawa vinatoka usiku kuelekea Kenya. Katika miaka ya karibuni wametangaza kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na jambo hilo nalisifu. Lakini nalitaja ili msije mkadhani mizani ikishikwa na mwenzenu ndiyo imegeuka. Mimi nilikuwa mwenzenu. Nimezaliwa Wingwi, nimekula muhogo na papa kama nyinyi, na nilikata.

Hapo ndipo nilipotaka kunyamaza. Mama mmoja wa upande wa dirishani akanyanyua mkono, akasema: "Basi mwalimu, tusiuze? Watoto watakula hotuba yako?"

Ukumbi ulicheka, nami nikacheka, kisha nikamjibu hivi.

Uzeni, bibi. Sikuja kukwambieni mtupe kamba baharini. Mnunuzi akiondoka kesho mtakufa njaa, na yeye anajua, ndiyo maana hana haraka. Lakini kamba nunueni zenu. Si zote, si leo. Shirika likianza na kamba za watu kumi, hao kumi wanaweza kumwambia mnunuzi wa pili, njoo tuone bei yako. Mwenye kamba ya kuazima hawezi kusema neno hilo. Mkataba mkiletewa, ukiwa haukuandikwa Kiswahili msiutie kidole. Watieni hawa vijana wa chuo kazi, wamekaa bure. Na huo unga nao mjue unatengenezwa vipi. Akina mama wa Unguja wameanza zamani kutia mwani kwenye sabuni na mafuta ya kujipaka, na bei ya sabuni haisomwi kwa simu kutoka Ulaya.

Jengine ni hili, nimelifunika gunia hapa chini ya meza kwa kuwa niliona haya kuingia nalo. Nimekuja na mizani. Nimeinunua Darajani kwa fedha ya kiinua mgongo changu, imekaguliwa na ina muhuri. Ina uso pande zote mbili, tazameni, huku na huku. Bamvua hii mnachuma. Kabla polo halijakwenda ghalani, lipitisheni hapa, liandikwe kwenye daftari, jina na kilo, na mama apewe karatasi yake mkononi. Itakaa kwa Bwana Sheha, ameshakubali. Yuko binti wa kidato cha tatu atakayeandika, anajua kusoma mshale vizuri.

Mimi msinipe kuishika. Nilishaishika.